Kichwani na Miguuni: Mombasa kwa Jicho la Fundi Cherehani

Mtu akija kwangu kushonewa vazi la ibada, namuuliza kichwa kwanza. Kinafunikwa au kinaachwa wazi? Kama kinafunikwa, ni kwa kofia, kilemba, mtandio au kitambaa cha pembe tatu? Tukishaelewana hapo ndipo tepu yangu inashuka mabegani. Chumba changu cha ushonaji kiko ghorofani huku River Road, Nairobi, na ngazi zake hupandwa na watu wa kila dini: akina mama wa Mothers' Union, kwaya za Kikatoliki kutoka Kayole na Dandora, vijana wa Eastleigh wanaotaka kanzu ya Idi, na Waakorino ambao kilemba chao cheupe lazima kikae sawasawa hata kwenye kichwa cha mtoto mchanga.

Kazi hii nilifundishwa na mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka Biashara Street. Alipenda kusema kwamba nguo zote tunazozishona hapa zilikuja na reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika hapa 1899 wakati Nairobi ni kinamasi tu, na nyuma ya mafundi wa vyuma wakaja watu wa kila aina: Masingasinga, Wahindu, Wajaini, Waismailia, Mabohora, Wagoa Wakatoliki, Waswahili Waislamu, wamisionari na wanafunzi wao. Kila jamii ilikuja na ibada yake na nguo za ibada hiyo. Mahekalu ya Ngara, Msikiti wa Jamia, makanisa yetu ya katikati ya mji, ukiuliza watu wake walitokea wapi, wengi watakutajia bandari ile. Ndiyo maana huniuma kuwaona watu wa Nairobi kila Desemba wakiupita mji wa Mombasa vioo vya gari vimefungwa, moja kwa moja hadi ufuoni, kisha warudi na picha za mchanga na minazi.

Mwezi wa Agosti nilikuwa na majoho ya kwaya ya kupeleka kwenye kanisa moja la Kisauni. Shemeji yangu alikuwa anashuka na gari. Nikamwomba nafasi ya mabegi, na nikamwomba pia asiniharakishe.

Tulisimama Makindu. Shemeji amezoea kula Mtito Andei kama wasafiri wengi, lakini nilimshikilia. Pale kando ya barabara kuu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926. Kabla ya hapo wafanyakazi wa reli wa dini hiyo walikuwa wakikutana chini ya mti kusali. Leo mtu yeyote anayepita barabara ile, awe dereva wa lori au familia inayokwenda matangani, huingia na kulishwa bure. Unavua viatu, unanawa, unachukua kitambaa kutoka kwenye kapu na kujifunika kichwa, mwanamume kwa mwanamke. Kisha unakaa na sahani yako ya chuma: chapati, dengu, wali, mboga, na chai ya maziwa yenye viungo. Hakuna anayekuuliza wewe ni wa wapi wala unamwabudu nani.

Nilikigeuza kile kitambaa cha kichwa nikatazama pindo. Pamba ya rangi ya machungwa, kingo zote nne zimekunjwa mara mbili na kupigwa cherehani kwa mshono mdogo, uzi wa rangi ileile. Kitambaa cha kuazimwa na mpita njia, kitakachooshwa na kuazimwa tena kesho, kimeshonwa kwa uangalifu kama vazi la bwana harusi. Karibu nami walikaa mama wa Kikamba na watoto wake, na baada yao wasichana wawili wa Kisomali ambao hawakuhitaji kitambaa cha kapuni, mitandio yao ilitosha. Shemeji aliongeza chapati. Tulipotoka aliniuliza, "Hawa wanapika tangu saa ngapi?" Nikamwambia tangu kabla hajazaliwa.

Mombasa tulifikia Kibokoni, Mji wa Kale. Mimi nilizaliwa Pumwani, na wanaoijua Pumwani ya zamani wanajua nyumba zake zilivyofuata mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, majirani wa dini mbalimbali wakichangia ua. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa la Mtakatifu Yohana palepale mtaani. Chumba cha pili aliishi bibi wa Kimombasa aliyenilea nusu ya utoto wangu. Bibi huyo alishatangulia mbele ya haki, lakini mdogo wake yupo Kibokoni, na kwangu yeye ni Nyanya.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, ndoo. Kaa kitako kwanza, habari zitakuja na chai."

Asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi za nazi, alivaa buibui lake akatoka nami. Mimi nilijitanda leso. Njia aliichagua yeye, na sikumwingilia, kwa sababu mtu aliyezaliwa katika vichochoro vile anajua kipi kina kivuli saa ngapi. Tulipita Ndia Kuu chini ya roshani za mbao, tukateremka hadi Msikiti wa Mandhry.

Wenye kuandika historia wanaupa msikiti huo mwaka wa 1570 hivi, na unahesabiwa kuwa mkongwe kuliko misikiti yote ya mjini inayoswaliwa hadi leo. Si mkubwa. Mnara wake mweupe unaanza mnene chini na kwenda ukipungua hadi juu. Mbele yake kuna kisima. Nyanya alinionyesha kisima kabla ya kunionyesha msikiti, na mimi nikakumbuka habari ya Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyefika Mombasa mwaka wa 1331. Aliwakuta watu wa kisiwa hiki ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, wachaji, misikiti yao ya mbao imejengwa kwa ustadi mkubwa. Chakula chao kikuu kilikuwa ndizi na samaki. Na akaandika kwamba kwenye milango ya misikiti kulikuwa na visima, kimoja au viwili, watu wakiteka maji kwa kata yenye mpini mrefu, na kila aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, akaifuta kwa kipande cha mkeka mzito kilichowekwa mlangoni.

Nilisimama pale nikafikiri juu ya Makindu, tulivyonawa jana yake na kuvua viatu. Miaka yangu yote ya kazi nimewauliza watu habari za vichwa vyao. Mombasa ilinifundisha kutazama miguu. Tangu hapo kila mlango wa ibada tuliofika nilitazama chini kwanza: bomba liko wapi, viatu vinawekwa wapi, nani anavilinda.

Hapo Mji wa Kale pia ndipo walipo Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Kihindi, na msikiti wao. Hao ukitaka kuwajua huhitaji kuuliza. Wanaume huvaa kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, na wanawake huvaa rida, vazi la vipande viwili lenye rangi laini, waridi, samawati, kijani cha majani machanga, lililotiwa lasi na nakshi pindoni. Wawili walitupita wakielekea sokoni, Nyanya akawasalimu kwa majina na wao wakamuuliza goti lake linaendeleaje. Nilibaki nikiitazama ile lasi hadi ikapinda kona. Kuipachika lasi kwenye duara la kitambaa chepesi bila kukikunja ni kazi ya mtu aliyeacha haraka nyumbani.

Shemeji alitukuta Langoni. Kuna hekalu la Wajaini pale, la marumaru nyeupe, lililokamilika mwaka wa 1963, mwaka uleule wa Uhuru wetu, na linatajwa kuwa la kwanza la aina yake kujengwa nje ya India. Nguzo zake zimechongwa viumbe na maua hadi ukichoka kutazama. Mlangoni unavua viatu, hilo nililitarajia, lakini hapa kuna zaidi. Huingii na chakula. Huingii na kitu chochote cha ngozi, kwa sababu ngozi imetoka kwa mnyama aliyeuawa, na Wajaini wanajizuia kuumiza kiumbe chochote chenye uhai, hata mdudu. Shemeji alifungua mkanda wake, akautoa, akatoa na mkoba wa pesa, akamkabidhi Nyanya aliyekuwa ameketi nje kwenye kivuli. Mimi nilitoa kifuko changu cha mkasi. Ndani tulimkuta mzee aliyefunga kitambaa cheupe mdomoni na puani akihudumu mbele ya sanamu, ili pumzi yake isiifikie. Kitambaa kile ni mraba uliokunjwa, bila mshono wowote wa kujionyesha. Nimeshona mavazi ya kuheshimu Mungu kwa kufunika kichwa, kifua, magoti. Sikuwahi kufikiria la kufunika pumzi.

Kutoka hapo Nyanya alinipeleka mahali nilipokuwa napasubiri tangu Nairobi: Biashara Street ya kwao. Sisi tuna Biashara Street yetu na naipenda, ndiyo iliyonilea kikazi, lakini ya Mombasa ndiyo mama wa leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake kila mwanamke wa Pwani anazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lilianzishwa mwaka wa 1887, miaka kumi na miwili kabla reli haijafika Nairobi.

Kwa wasioshika leso kila siku: ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Zamani jina liliandikwa kwa hati ya Kiarabu, siku hizi ni kwa hati hizi zetu. Leso huuzwa doti, yaani mbili zilizoungana, unakata na kupinda mwenyewe. Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Hakuna vazi jingine nchini mwetu ambalo limeingia nyumba zote za dini kama hili. Mwislamu anaswalia. Mkristo anabebea mtoto hadi ubatizoni. Mgiriama anajifunga kwenda shambani na kwenda matangani. Bibi harusi wa Kiswahili anatandikiwa, na mama wa Kikatoliki kule Nairobi anamtandikia askofu njiani apite juu yake akija kutoa kipaimara. Wanaozichora, wanaozichapa, wanaoziingiza na wanaoziuza kwa sehemu kubwa ni familia zenye asili ya Kihindi, na wanaochagua jina lipi linunuliwe na lipi libaki rafuni ni akina mama wa Kiafrika. Mwenye duka asiyejua Kiswahili cha kina mama hawezi kuuza leso. Nilimsikia muuzaji mmoja akibishana na mteja juu ya "Hasidi hana sababu", kama inafaa kumpelekea mkwe au itazua vita, na alijua kila tawi la hoja hiyo.

Nilinunua doti nyingi kuliko nilivyopanga. Nyanya hakununua leso. Aliomba apimiwe bafta.

Wenzangu wa kazi mnaijua bafta, ile pamba nyeupe nyepesi ya kanzu za nyumbani na bitana. Lakini Nyanya hakutaka kanzu. Jioni tulipofika nyumbani alifunga mlango wa chumba, akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa cha zamani kilichoanza kugeuka manjano kwenye mikunjo. Kilikuwa sanda yake. Alikuwa ameiweka miaka mingi, kama wafanyavyo akina mama wengi wa umri wake, ili siku yake ikifika asimsumbue mtu. Sasa alitaka mpya, na alitaka nimpimie mimi.

"Wewe ndiwe fundi. Nipime vyema, isije ikawa fupi."

Sanda ya mwanamke wa Kiislamu ni vipande vitano. Kimoja ni cha kichwa. Nilimpima akiwa amesimama wima katikati ya chumba, mikono imeshuka, na yeye akinieleza kila kipande kinakaa wapi. Nilikata kwa mkasi wangu. Nilishika sindano kwa mazoea, nikakunja ukingo, naye akanizuia mkono: sanda haipindwi wala haishonwi. Inakatwa, inafungwa, basi. Nimeshona majoho ya mapadre, kanzu za maharusi, mavazi ya ubatizo yenye vifungo vidogo kama punje za mtama. Hilo ndilo vazi pekee nililowahi kuandaa bila kutia uzi, na ndilo ninalotamani sana kwamba nimelipima sawa. Tulilikunja pamoja. Akaweka udi kati ya mikunjo, akafunga sanduku, akaniuliza kama nitakula mkate wa mofa au chapati.

Ngomeni nilikwenda peke yangu, maana Nyanya alisema mawe yale ameyaona ya kutosha. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikapewa jina la Yesu, na tangu 2011 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Mwongoza wageni ataeleza mizinga, atataja kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi ngome ikaanguka 1698, atasema Waingereza waliigeuza jela. Yote ni kweli. Mimi nilitaka kusimama mahali pa Yusuf bin Hassan.

Baba yake, Sultani Hassan, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo aliyeoa kwa Wareno. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wakauawa kwa sababu ya imani yao. Mwaka uliofuata Wareno walishindwa kuirudisha ngome, lakini Yusuf naye hakukaa. Aliondoka na kuacha mji.

Nasimulia haya kwa sababu nimechoka na wanaoisifu Mombasa kama kwamba watu wake walizaliwa wakikumbatiana. Walichinjana. Jina la Yesu limeandikwa juu ya ngome ya mizinga, na mtoto aliyenyang'anywa dini na baba pamoja alirudi na upanga. Ukijua hivyo, Nyanya na Mabohora wake wanaoulizana hali ya goti wanakuwa jambo kubwa zaidi. Ni watu wanaokaa juu ya historia hiyo na kila asubuhi wanaamua kusalimiana.

Kuna habari nyingine ya mji huohuo ambayo ningependa ifundishwe kwenye madarasa ya ubatizo ya Nairobi nzima. Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha umisionari cha Waanglikana wa Uingereza, alifika Mombasa akiwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Unguja inayowaagiza maliwali wamtendee wema. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe Rosine alifariki, na binti yao mchanga akafuata baada ya siku chache. Kaburi liko ng'ambo, upande wa Nyali. Krapf hakuondoka. Alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mtu aliyeketi naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Kadhi! Alijua wazi mgeni huyu amekuja kuhubiri dini nyingine, na bado alimpa lugha yake. Kamusi ya Krapf ilitoka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Sisi Wakristo tunaoomba kwa Kiswahili tuna deni kwa kadhi huyo, na sijawahi kusikia akitajwa kwenye madhabahu.

Nililifikiria hilo tena nilipoingia Kanisa Kuu la Anglikana pale Nkrumah Road, lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita na kufunguliwa 1905 kwa kumbukumbu ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka wa 1885 akielekea Uganda, pamoja na wenzake. Lina kuba na matao, hivi kwamba mgeni akilitazama kutoka barabarani anaweza kudhani ni msikiti. Ndani, akina mama walikuwa na vitambaa vyao vya kichwa na mzee mmoja alipofika mlangoni alivua kofia. Wanawake wamefunika, wanaume wamefunua. Viatu vyote miguuni.

Kisauni, majoho yalikaa vizuri. Walio warefu kwenye besi niliwaachia pindo la vidole vinne, nikalishusha palepale kwa mkono wakati wenzao wakiimba. Kwaya ile ina watu wa Taita, Wagiriama, Waluo wa bandarini na Wakamba. Mwenyekiti wao aliniambia kwamba kitambaa walikinunua kwa Mbohora kwa bei nafuu, wakamletea mfanyabiashara huyo chupa ya asali. Hapo sikuwa na la kuongeza, nikaendelea na sindano.

Siku ya mwisho tulivuka Likoni na kwenda kusini hadi Kaya Kinondo, karibu na Diani. Watu wengi wakihesabu dini za Mombasa wanaanza na meli: nani alitua mwaka gani. Lakini kabla ya meli zote kulikuwa na watu na walikuwa na mahali pao pa kumwomba Mungu. Misitu ya kaya za Wamijikenda, yale makao yao ya kale yanayotunzwa kama mahali patakatifu, iliingia katika urithi wa dunia mwaka wa 2008, na Kinondo ni ya Wadigo, nayo inapokea wageni.

Kabla ya kuingia, wote mnafungwa kaniki kiunoni, ile pamba nyeusi isiyo na ua wala jina. Kisha mnaambiwa mvue chochote kilicho kichwani. Nilivua leso niliyojitanda. Kijana aliyetuongoza ni Mdigo, Mwislamu kama walivyo Wadigo wengi. Alivua kofia yake ya vito, yenye nakshi ya mkono ambayo ningekaa nayo saa nzima, akaikunja akaitia mfukoni. Ndani hukati, huokoti, hutoki na hata jani. Kimbilio la kwanza la wazee wao lilikuwa hapa, na baadhi wamezikwa humohumo.

Nilimuuliza anavyoyaweka pamoja, msikiti na kaya. Hakuona tatizo la kueleza.

"Msikitini naenda kuswali, dada. Hapa wamelala wazee wangu. Nikiacha kuwatunza, hata swala yangu itakuwa ya mtu asiye na kwao."

Shemeji, ambaye njia nzima alikuwa mtu wa maneno machache, alimwomba arudie, akatoa simu kuandika, kisha akakumbuka tuko wapi akairudisha mfukoni.

Kwa mliosoma hadi hapa na mnapanga Desemba: mkienda kwa gari, simameni Makindu na muwe na kitu kidogo cha kuacha kwenye sanduku la sadaka, ingawa hamtaombwa. Mji wa Kale nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na Ijumaa adhuhuri msizunguke misikitini na kamera, watu wako ibadani. Hekalu la Langoni halikai wazi kutwa, ulizeni saa kabla ya kufika. Wanawake, leso mbili zinatosha kila mlango, na mkinunua Biashara Street ombeni wawafungulie doti nzima muone kama jina limechapwa sawa. Viatu viwe vya kuvulika kwa urahisi. Na wanaume, mkanda wa kitambaa ni bora kuliko wa ngozi. Nashona, wasiliana nami mapema.